Wingu lisilo na barafu nalo lina chaji
Wapo wanaosema bila barafu wingu halina chaji hata kidogo. Si kweli. Hata siku ya jua kali, karibu na ardhi kuna uga wa umeme, yaani eneo ambamo chaji husukumwa au kuvutwa, wa takriban volti 100 kwa mita. Ndani ya uga huo, tone la mvua huwa chanya upande wa chini, hasi upande wa juu. Kitone kidogo kikiligonga kwa chini kisha kikadunda, huondoka na chaji chanya na upepo hukipandisha. Tone lenyewe linashuka likiwa hasi. Kasoro ni kwamba vitone vingi vikigongana huungana, chaji ikarudi palepale. Ndiyo maana wingu la namna hii linaweza kutulowesha chapachapa bila radi hata moja.