Rosa Mistika haifundishi uhuni

Wapo wanaosema hadi leo kwamba Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971, ni kitabu cha kuharibu mabinti. Si kweli. Aliyeisoma hadi mwisho anajua kwamba haiusifu uhuni hata kidogo. Inauliza ulianzia wapi.

Ulianzia nyumbani, kule kisiwani Ukerewe. Zakaria, baba mlevi, anagundua barua ambayo binti yake, Rosa, ameandikiwa na mvulana, anampiga vibaya sana. Binti anakua akiwaogopa wanaume, bila mtu wa kumweleza lolote juu yao. Anapokwenda shule ya bweni, mbali na fimbo ya baba, hana pa kushika. Kipigo kilimfundisha kuogopa tu, hakikumfundisha kuchagua.

Mimi nina binti wa miaka 14. Mwezi uliopita nilikuta ujumbe wa mvulana kwenye simu yake, mkono ukaanza kuniwasha. Nikamkumbuka Zakaria. Nikavuta kigoda jikoni, yeye akimenya viazi, nikamuuliza huyo kijana ni nani. Alinyamaza kitambo, kisu mkononi. Kisha akaanza kusimulia, na maganda yakaanza tena kudondoka kwenye beseni.