Ndege Wahamao: Maana ya Jina, kwa Mifano ya Nyanda za Juu Kusini

Ndege wahamao ni ndege ambao kila mwaka, katika majira yanayojulikana, huondoka mahali wanapozaliana na kwenda mahali pengine kujipatia chakula, kisha hurudi kule kule walikotoka. Uzito wa maana hiyo uko kwenye mambo mawili: kila mwaka, na kurudi. Ndege aliyepeperushwa na dhoruba hadi nchi asiyoijua hahesabiwi humo, hata akiwa amesafiri mbali kiasi gani.

Kiswahili chenyewe kinatusaidia kutenganisha mambo. Aliyehamia Mbeya kutoka Tukuyu amekuja kukaa, na hatutazamii kumwona akifungasha tena Aprili ijayo. Anayehamahama naye hana tarehe wala njia maalumu. Anafuata riziki inakoelekea. Wakulima wa mpunga wa Mbarali wanamfahamu vizuri ndege wa tabia hii ya pili, yaani kwelea kwelea, ambaye hufuata mvua na mbegu za nyasi, akavamia bonde hili mwaka huu na mwakani asionekane kabisa. Wapo wanaomweka katika kundi moja na wahamao, lakini kwa maoni yangu kufanya hivyo kunaififisha maana ya neno, kwa kuwa mhamaji halisi anaweza kutazamiwa kwa kalenda.

Mfano ulio karibu na kila mtu ni mbayuwayu wa kawaida, mwenye koo la rangi ya kutu, anayejipanga kwenye nyaya za umeme mvua zinapokaribia. Ndege huyu, ambaye uzito wake ni kama gramu 20 tu, huzaliana Ulaya na Asia, na huku kwetu hajengi kiota. Anachokifuata ni wadudu warukao, ambao kule hupungua sana baridi inapoingia, wakati huku mvua za Novemba zinawatoa kumbikumbi ardhini. Vitwitwi wa aina mbalimbali nao hufanya safari kama hiyo. Wengine huishia kwenye matope ya delta ya Rufiji, wengine hupanda bara hadi kwenye majaruba na mabwawa ya Usangu. Kwa hiyo mtu wa Ulaya anayehesabu ndege kwenye ardhioevu za pwani ya kwao mwanzoni mwa Juni, anaposema majira ya joto yameanza, huenda anawatazama ndege walioondoka kwetu Machi au Aprili, ilhali siku hizo hizo uwanda wa Kitulo una baridi kiasi kwamba umande huganda ukawa mweupe juu ya majani. (Ndiyo maana sipendi kuona majira hayo yao yakiitwa kiangazi: kiangazi chetu ni ukame, na Nyanda za Juu kinaanza na makoti.)

Zamani watu wa Ulaya hawakujua ndege hao huenda wapi. Wengine waliamini kwamba mbayuwayu hujizika kwenye matope ya maziwa. Mwaka 1822, karibu na Klütz huko Ujerumani, aliuawa korongo mweupe aliyekuwa amechomwa shingoni na mkuki mwembamba wa Kiafrika, naye alikuwa ameruka nao hadi kwao. Korongo huyo alikaushwa na bado amehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock. Mwaka 1899 Hans Christian Mortensen wa Denmark alianza kuwavika ndege pete zenye namba miguuni, na tangu hapo njia zao zikaanza kufuatiliwa kwa utaratibu.

Hata hivyo, mfano unaostahili kukaziwa macho hapa kwetu hautoki Ulaya. Ni mbayuwayu wa buluu, mhamaji asiyevuka mipaka ya Afrika, ambaye huzaliana kwenye nyasi za milimani, Kitulo ikiwa mojawapo ya makao yake, kuanzia mwishoni mwa kiangazi hadi mvua zinapokaribia kwisha. Kwa mbali, chini ya mawingu, huonekana mweusi. Jua likimpiga ndipo buluu yake inayong'aa inapojitokeza, na dume huburuta nyuzi mbili ndefu za mkia. Huruka chini chini akipapasa vichwa vya nyasi, halafu ghafla hutoweka ardhini, kwa kuwa kiota chake cha tope na majani makavu hubandikwa ndani ya shimo, mara nyingi lile lililochimbwa na muhanga. Hivyo anahitaji nyasi pamoja na mashimo. Mteremko ukilimwa viazi au ukipandwa misonobari, vyote viwili hupotea kwa pamoja, na ndege huyu tayari yumo katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Yeye ndiye anayeonyesha kwamba uhamaji hauna maana ya ugeni. Mbayuwayu wa kawaida ni mgeni wetu wa msimu, lakini huyu wa buluu ni mzaliwa wa hapa, na mwenye kupanda Kitulo mwezi Julai asimkute ajue kwamba wakati huo yuko kwenye nyasi za upande wa Ziwa Victoria, nchini Uganda na Kenya, ambako yeye ndiye mgeni.