Diski C ikijaa, si lazima kufomati

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu: eti C (sehemu ya diski yenye Windows) ikijaa, dawa ni kufomati, yaani kufuta kila kitu kwenye kompyuta nzima. Si kweli, tafadhali usiusambaze.

Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika diskmgmt.msc, kisha Enter. Ukiona nafasi isiyogawiwa (Unallocated), yenye mstari mweusi, mara tu kulia kwa C, bofya C kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Extend Volume. Mafaili yanabaki.

Kinachochanganya watu ni chaguo hilo kufifia. Mara nyingi D, sehemu nyingine ya diski hiyo hiyo, imekaa katikati ya C na nafasi hiyo. Kuipunguza D hakusaidii, maana nafasi hutokea kulia kwake. Hamishia mafaili yake kwenye diski ya nje, yafungue uhakikishe, ndipo uifute D yenyewe (Delete Volume) na kupanua C.