Goal ni mahali pa kufika

Neno goal la Kiingereza maana yake ni lengo, yaani hali ambayo mtu, taasisi au nchi inajitahidi kuifikia. Hapo hapana utata. Kinachohitaji kunyooshwa ni maelezo yanayorudiwa mno katika semina za mipango, kwamba neno hilo lilizaliwa kwenye kandanda, na kwa hiyo kila mwenye goal sharti ataje idadi ya mabao anayotaka kufunga.

Neno hili limo katika maandishi ya Kiingereza tangu karne ya 14, likiandikwa gol, na lilimaanisha mpaka au kikomo. Wapo wanaisimu wanaolihusisha na kitenzi cha kale chenye maana ya kuzuia, ingawa jambo hilo halijathibitishwa. Katika karne ya 16 likawa jina la mahali mbio zinapokomea, na pia mahali ambapo mpira ulipaswa kufikishwa. Mwaka 1602 Richard Carew, akieleza michezo ya watu wa Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, alisimulia mchezo wa kunyang'anyana mpira ambamo matawi mawili ya vichaka yalichomekwa ardhini yakiachana futi 8 au 10, nayo ndiyo yaliyoitwa goal. Lakini mchezo ulipochezwa mashambani, goal iliweza kuwa nyumba ya bwana mmoja au kijiji kizima, maili 3 au 4 kutoka goal ya wapinzani. Mchezaji alipaswa kufika huko na mpira wake. Goli tunalolihesabu leo ni maana iliyotokana na hiyo ya mahali.

Kwa anayetaka kutaja idadi, Kiingereza kina neno target, nalo ni la ukoo mwingine kabisa. Limetokana na targe ya Kifaransa cha kale, yaani ngao, na ngao ndogo ya duara ndiyo iliyokuja kulipa jina lake, katika karne ya 18, alama ya kufanyia mazoezi ya shabaha. Kupima kunahusika hapa, kwa kuwa mshale hupata au hukosa, na umbali wake kutoka katikati huonekana.

Umoja wa Mataifa ulizingatia tofauti hiyo mwaka 2015 ulipopitisha goal 17 za maendeleo endelevu na chini yake target 169. Goal ya 3 ni afya njema na ustawi kwa watu wa rika zote. Target yake ya kwanza ni kupunguza vifo vya uzazi duniani hadi chini ya 70 kwa kila vizazi hai 100,000 ifikapo 2030. Ukiiondolea hii ya pili namba zake, haibaki na kazi.

Nadhani tunachanganyikiwa kwa sababu lengo letu limetokana na kulenga, na kulenga ni kazi ya mwenye upinde. Hata hivyo tunalo neno shabaha. Anayeandika kwamba goal ya chama cha ushirika ni kuuza magunia 500 angeandika target, au shabaha, na neno lengo akaliachia hali ya maisha ambayo mauzo hayo yanakusudiwa kuwafikisha wanachama.