Kumpeleka mzee mwenye maradhi ya kusahau kliniki: mje na nani, mje na nini

Septemba ni mwezi wa Alzheimer duniani, maradhi ya ubongo yanayomsahaulisha mtu kidogo kidogo, na tarehe 21 ndiyo siku yake. Kila tukitangaza, kliniki yetu ya afya ya akili hapa Pemba hupokea wazee wengi kuliko kawaida, na nyuma yao huja malalamiko. Safari hii mengi yanasema jambo moja: "Tumekaa tangu saa mbili, mzee kaonwa robo saa, hata picha ya kichwa hakupigwa, tumeambiwa turudi." Tumeyasoma. Mengine yana haki, maana foleni yetu tunaijua. Lakini wengi waliorudishwa, walirudishwa kwa kuwa hakuja mtu wa kutueleza habari za mgonjwa.

Malaria tunaitafuta kwenye damu. Alzheimer hatuna kipimo cha damu cha kuitafutia hapa, na picha ya kichwa hupigwa zaidi ili kutafuta mambo mengine: damu iliyovilia baada ya kuanguka, uvimbe, kiharusi. Kwa hiyo msiniulize mashine kabla sijauliza habari. Tunachokitegemea ni maelezo: kilianza nini, lini, na kinakwendaje. Maelezo hayo mgonjwa hanayo, na huko kutokuwa nayo ndiyo maradhi yenyewe. Anayo anayelala naye nyumba moja.

Kijana mmoja, mtu wa heshima zake, alimleta mama yake kwa gari ya kukodi. Bi mkubwa kavaa buibui jipya, kakaa vizuri. Shikamoo, marahaba, watoto hawajambo, alhamdulillahi. Kijana akanambia, "Unaona? Leo hajambo kabisa." Nikamuuliza: usiku analala? Akatazama simu. Anakula mwenyewe? "Nadhani." Yeye anakaa Unguja, huja mwisho wa mwezi. Tukampigia dada yake, ambaye ndiye anayemkogesha mama, na kwa dakika tano tukapata yote: tangu Ramadhani anatia chumvi kwenye chai, ikikaribia magharibi hufunga nguo zake ndani ya kanga akisema anarudi kwao, na mara mbili kaacha jiko linawaka. Dada huyo kabaki nyumbani kwa sababu, kwa maneno yake, hajui kuzungumza na madaktari. Mwenye pesa ya gari ameshukuriwa. Lakini kiti cha mbele yangu ni cha dada.

Basi wiki mbili kabla ya tarehe, andikeni kwenye daftari la skuli: siku, saa, na alichofanya. "Anasahau sana" haitusaidii. "Jumanne kapotea njia ya msikiti anaoswali miaka yote" inatusaidia mno. Na tafadhali tuachane na "ni uzee tu". Mzee hulisahau jina la jirani, likamjia baadaye. Njia ya msikiti wake haisahau kwa uzee.

Dawa zote zitieni kwenye mkoba wa ukili mje nazo, pakti zenyewe, siyo majina kwa mdomo. Nikisema zote, nakusudia na zile mlizonunua dukani bila cheti. Piriton ya mafua, amitriptilini ya usingizi, diazepamu ya kutulia: kila moja inaweza kumvuruga mzee akili, na wapo tuliowapunguzia dawa tu wakazinduka. Mitishamba pia. Kuhusu kombe, yaani maandishi ya Kurani yanayooshwa kwa maji akanywa mgonjwa, hatugombani na mtu, lakini mzizi uliochemshwa akanywa mwezi mzima nataka kuujua. Yapo mengine yanayofanana na Alzheimer na yana tiba: tezi ya shingo isiyofanya kazi, upungufu wa vitamini B12, huzuni iliyokaa ndani. Hayo ndiyo tunayoyasaka kwanza. Alzheimer yenyewe haina dawa ya kuiponesha. Zipo za kupunguza dalili kwa muda, kama donepezili, na siyo kila mgonjwa zinamfaa.

Mje na miwani yake. Tuambieni kama sikio moja halisikii, na kama kasoma skuli au chuo cha Kurani tu, maana mzee anayesoma msahafu lakini hakushika herufi za kizungu akipewa karatasi yetu ataonekana hajui kitu. Tulipomuuliza mzee mmoja huu mwezi gani, akajibu, "Mfungo Sita," yaani mwezi wa sita baada ya Ramadhani. Mwanawe akacheka, akasema, "Si mnaona?" Mzee alikuwa sahihi, sisi wawili ndio tuliolazimika kutazama kalenda. Msimjibie, msimcheke, wala msiseme mbele yake kwamba kachanganyikiwa. Lenye aibu, kama kujikojolea, andikeni kwenye kikaratasi mumpe muuguzi mlangoni.

Sasa utaratibu, ambao watu hudhani tunautunga asubuhi. Mgonjwa mpya aje na barua ya kituo cha afya cha kwao na Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi. Anayefuatana naye awe mtu mzima. Kadi ya kliniki ikipotea, semeni masjala kabla ya kupanga foleni. Msiseme ndani, kwani mtarudishwa masjala na namba yenu itakuwa imepita. Atakayekosa tarehe mbili bila taarifa, faili lake hurudi ghalani na huanza upya kama mgeni. Dawa zinazodhibitiwa hatumpi mtoto aliyetumwa, hata akiwa na kadi. Zinaandikwa kwenye daftari kwa saini, na kidonge kimoja kikipungua anayeulizwa ni muuguzi, siyo nyinyi. Mwenye sukari asije na njaa kwa kudhani kila kipimo kinataka njaa. Sukari ikishuka mzee anachanganyikiwa, nasi tutapima njaa tukidhani tunapima akili. Kama tunataka aje bila kula, tutawaambia.

Jambo moja halingoji tarehe ya kliniki. Mzee aliyekuwa mzima Ijumaa, Jumapili hamjui mkewe, anaona watu wasiokuwepo au analala mchana kutwa, hiyo siyo Alzheimer. Alzheimer haiji kwa siku mbili. Inaweza kuwa malaria, maambukizi ya mkojo, upungufu wa maji, au kaanguka hamkuona. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, iwe Chake Chake, Wete au Abdalla Mzee ya Mkoani, popote palipo karibu.

Na wale wanaopewa barua ya kwenda hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, kwa picha ya kichwa: kwenye boti mkae naye watu wawili, mmoja kila upande. Chukueni chakula alichokizoea na kanga anayojifunikia nyumbani. Akianza kuuliza kwao wapi, msibishane naye, muulizeni habari za huko kwao. Ikiwa hapa kliniki ndipo anapotaka kuondoka kabla hajaitwa, mtoeni nje chini ya mwarobaini, mtembezeni, mmoja abaki mlangoni na kadi. Namba haipotei kwa kutoka dakika kumi.