Je, wajua kwa nini sauti ikipandishwa sana inapasuka?

Simama Mwanga pale Kigoma asubuhi usikilize makonda wanavyoita Ujiji Ujiji Ujiji, utamkuta mmoja kaanza na sauti nzito ya kiume kabisa, abiria wakijivuta anaongeza, anaongeza tena, mara paa! sauti imeruka juu imekuwa nyembamba na watu wanacheka. Kwenye kwaya ndo aibu zaidi maana inapasuka mbele ya kanisa zima. Wengi watakwambia koo limekauka, au anywe mayai mabichi. Sawa, koo kavu linachangia, ila hata likiwa limelainika vizuri hiyo ruka ipo palepale, kwa sababu sauti ya binadamu ina namna zaidi ya moja ya kutetemeka na kuhama kutoka moja kwenda nyingine siyo kazi ndogo.

Ndani ya kikoromeo kuna nyuzi mbili za sauti. Tunaziita nyuzi kwa mazoea tu, ukweli ni mikunjo miwili ya nyama, ndani ina msuli na juu ina utando laini wenye utelezi. Kwa mwanaume mtu mzima zina urefu wa kama milimita 17 hadi 25, za mwanamke ni fupi zaidi. Hewa ikitoka mapafuni inazisukuma zinaachana, zikiachana zinarudi zenyewe zinafunga, hewa inasukuma tena, na mwanaume akiongea kawaida hilo linatokea kama mara 100 mpaka 120 kwa sekunde moja, mwanamke kama mara 200, mtoto mdogo hata 300. Miaka ya 1950 Mfaransa Raoul Husson alishikilia kwamba ni mishipa ya fahamu inayozipiga pigo moja moja, lakini mwaka 1958 Mholanzi Janwillem van den Berg akaeleza kwamba ni hewa na mvutano wa nyuzi zenyewe, na huyo ndo aliyekuwa sahihi.

Sasa kupandisha. Kwa mbele ya kikoromeo kuna msuli unaoinamisha gegedu, nyuzi zinavutwa zinarefuka. Hapa mpiga gita atakuuliza, mbona waya mrefu ndo unatoa sauti nzito, hizi zikirefuka si zingeshusha? Hapana, kwa sababu zikivutwa zinakuwa nyembamba na mkazo unapanda kwa kasi kuliko urefu, kwa hiyo mkazo unashinda.

Msuli wa pili umo ndani ya nyuzi zenyewe na kazi yake ni kinyume, unazifupisha na kuzinenepesha. Huu ukiwa kazini nyuzi zinatetemeka nzima nzima, unene wote, zinakutana na kufunga vizuri, ndo ile tunaita sauti ya kifua. Unavyopanda, misuli hii miwili inashindana, wa mbele unavuta, wa ndani unakaza, mpaka mnafika mahali, kwa wanaume wengi ni mitetemo 300 na kitu kwa sekunde, wa ndani unashindwa na kuachia. Ukishaachia zinabaki kutetemeka kingo tu, hazifungi vizuri, hewa inavuja, hiyo ndo falseto. Ule mpasuko ni kuachia kwa ghafla, basi. Wanawake nao wana hiyo sehemu, ila kwao mara nyingi haisikiki sana.

Jaribu hapo ulipo, vuta "uuuu" kutoka chini mpaka juu bila kukata, alafu shuka taratibu. Utaona kupanda sauti imerukia mahali fulani, kushuka imerudi kifuani mahali pengine, mara nyingi chini zaidi.

Na kelele zinaongeza ishu. Ukisukuma hewa kwa nguvu sauti inapanda yenyewe hata kama hukutaka, ndo maana konda anayetaka kusikika mpaka ng'ambo ya barabara anajikuta kwenye mpasuko bila kupanga. Vijana wa kiume wanaobalehe wao hata kelele hawahitaji, kikoromeo kimekua haraka, nyuzi zimekuwa ndefu na nene, sauti imeshuka karibu oktavo nzima (yaani mitetemo imebaki kama nusu) na misuli bado haijazoea vipimo vipya.

Aliyetazama haya kwa macho alikuwa mwalimu wa kuimba, Mhispania Manuel García, ambaye mwaka 1854 alitumia kioo kidogo na mwanga wa jua akaangalia ndani ya koo lake mwenyewe wakati anaimba (moyo alikuwa nao, mimi kijiko tu cha daktari kinanitapisha).

Kwa hiyo mwalimu wa kwaya akiwaambia waimbaji wapunguze nguvu wakikaribia noti za juu, hawabanii, anataka ule msuli wa ndani uachie kidogo kidogo, na yule anayekaza shingo mpaka mishipa inamtoka ndo atapasuka wa kwanza.