Kiduha katika mwanga tusiouona

Kiduha, gugu ambalo Waluo huliita kayongo, huchukiwa na kila mkulima wa mahindi na mtama, nami sishangai, kwa kuwa hunyonya maji na chakula kutoka kwenye mizizi ya zao kabla hata hakijachomoza juu ya ardhi. Hata hivyo, maua yake yana swali ambalo limenirudisha shambani misimu kadhaa. Kiduha cha maua ya rangi ya waridi hakitoi mbegu bila wadudu kuhamisha chavua kutoka mmea mmoja hadi mwingine, ilhali jamaa yake mdogo wa maua mekundu hujichavusha mwenyewe. Je, maua hayo mawili hutofautiana katika mwanga ambao nyuki huuona nasi hatuuoni?

Mwanga huo ni urujuanimno, wenye urefu wa wimbi chini ya nanomita 400. Kamera ya kawaida huuzuia kwa kioo kilicho mbele ya kihisi. Yangu imeondolewa kioo hicho, na kwenye lenzi ya zamani yenye vioo vichache nimefunga filta mbili, moja ya kupitisha urujuanimno na nyingine ya kuzuia infraredi, mwanga mwingine tusiouona. Kinachobaki ni mwanga hafifu, hivyo picha moja huchukua sekunde kadhaa, na hapo ndipo upepo unapokuwa adui: alfajiri hewa imetulia lakini urujuanimno ni mchache, na adhuhuri mambo hugeuka. Mimi hupiga katikati ya asubuhi, nikiwa nimezungushia mmea kitambaa kisichoutupia kivuli, na picha ya mwanga wa kawaida huipiga papo hapo bila kuisogeza stendi.

Kosa ninaloliogopa zaidi ni infraredi kupenya na kujifanya urujuanimno. Kwa bahati nzuri kiduha kina majani ya kijani, nayo ni shahidi mwaminifu: katika urujuanimno majani huwa meusi, na yakitokea meupe kama pamba, picha hiyo naifuta. Huweka pia ua la alizeti kando, ambalo petali zake zinapaswa kuonekana nyeusi karibu na katikati ya ua na angavu kwenye ncha. Rangi za picha hizi hubuniwa na kamera tu, kwa hiyo nazigeuza kuwa nyeusi na nyeupe kabla ya kulinganisha.

Sichumi ua lolote kwenda nalo nyumbani. Mmea mmoja huweza kutoa makumi ya maelfu ya mbegu ndogo kama vumbi, zinazoishi ardhini zaidi ya miaka 10, hivyo viatu na miguu ya stendi huvipiga brashi kabla ya kuvuka mpaka wa shamba.